Gari Lisilopiga Hodi

Nioneeni wivu nyote: bahati imeniangukia, sasa naendesha gari la umeme hapa London!

Halina silinda, halina plagi za injini, halinywi petroli. Lile langu kuukuu lina silinda nne na kikohozi.

Leo jioni nimeingia nyumbani kimya kama mwizi. Mke wangu yuko kwa kochi, jiko baridi.

"Ugali uko wapi, Mama Ciku?"

"Kwani umefika? Mimi hungoja ule mngurumo wako pale kona ndiyo niweke maji!"

Nikabandika maji mwenyewe. (Mimi! Jikoni!)

Mama yangu kule Nakuru naye alingoja vivyo hivyo. Akisikia injini ya baba ikipanda mlima, anabandika sufuria, nasi watoto tunakimbilia geti.

Wanasema injini za petroli zinakwisha. Sawa. Lakini nani atawaambia watoto baba amefika?

Nimempigia Singh, fundi wangu wa Southall, mzaliwa wa Kisumu. "Ndugu, lile langu kuukuu litapona?"

"Kuja kesho. Litanguruma mpaka majirani wakasirike."

Kwenu mlijuaje baba amefika? Niambieni.

Na ile bahati ni uongo. Hili la umeme ni la Singh, ameniazima tu langu likitengenezwa.