Siku Tulipoibatiza Kongo

"Sasa nikimbie wapi?" Hilo ndilo swali aliloniuliza rafiki yangu Zaina mbele ya parokia nzima, nikiwa nimefungwa kamba kiunoni. Nilikuwa mtoto wa darasa la nne, na mchana ule mmoja nilikuwa pia nchi ya Kongo.

Mambo haya hunirudia kwa njia ya pua. Hapa Butembo ninakoishi sasa, akina mama wanaokaanga mandazi sokoni hutumia mawese, na upepo ukivuma vumbi la makaa hudondokea kwenye kikaango. Wengine wakinusa harufu hiyo husikia njaa. Mimi naona ndevu. Ndevu za Zaina zilikuwa makaa yaliyosagwa na kukandwa kwa mawese, na mwalimu wetu, tuliyemwita Metre kama walimu wote wanavyoitwa kwetu, alimpaka kwa kidole kutoka sikio moja hadi jingine, ulimi wake ukichungulia pembeni mwa mdomo kama fundi anayepaka rangi dirisha la mtu mkubwa.

Tulikaa mji wa Beni, katika komini, yaani kata, ya Beu, nyuma ya soko. Nyumba yetu na ya kina Zaina zilitazamana, zikitenganishwa na njia ya udongo mwekundu ambayo mvua ikinyesha iligeuka uji. Sisi tulikuwa Wakatoliki, yaani watu wa kawaida. Wao walikuwa Waislamu, na katika akili yangu ya utoto tofauti ilikuwa kwamba wao walikula vizuri mwezi wa mfungo jioni, nasi tulikula vizuri Noeli, na kwa kuwa mimi na Zaina tulikula kote kuwili, tuliona mambo yamepangwa kwa haki. Baba yake alikuwa na lori la Fuso. Mchanga wote na kila ubao wa ukumbi wa parokia ulifika pale mgongoni mwa Fuso lile.

Shule yetu ilikuwa ya parokia. Hospitali nayo ilikuwa ya masista, na barabara ilipozibwa mashimo, walioziba walikuwa waumini wakiimba. Serikali tuliisikia redioni tu. Kwa hiyo niliamini kabisa kwamba taifa ni tawi la parokia, na kwamba rais huchaguliwa na askofu kama anavyochaguliwa kiongozi wa kwaya. Hakuna aliyenisahihisha. Nadhani watu wazima wengi waliamini vivyo hivyo, ila hawakulisema.

Ilipokaribia sikukuu ya uhuru, Metre alitangaza kwamba darasa letu litacheza teatre, yaani mchezo wa jukwaani, ya kuzaliwa kwa nchi. Aliitunga mwenyewe, akafuata kitabu cha historia. Kwanza kuna giza. Kongo ni mtoto, amefungwa kamba, anavutwa na Mwarabu mfanyabiashara wa watumwa. Kisha anaingia misionari na msalaba, Mwarabu anauona msalaba, anakimbia. Misionari anamfungua mtoto, anambatiza, anampa jina, na mtoto anasimama na bendera mkononi. Kwaya inaimba. Basi, nchi imezaliwa.

Mimi nilipewa kuwa Kongo kwa sababu gauni langu la komunyo lilikuwa bado jeupe. Zaina alipewa kuwa Mwarabu kwa sababu nyepesi vilevile.

"Zaina," Metre alisema, "kanzu ya papa yako iko ku nyumba, si vile?"

"Iko, Metre."

"Bon. Weye njo Mwarabu."

Lazima niseme ukweli: Zaina alifurahi. Nani anataka kuwa misionari, asimame tu na kusema maneno marefu? Mwarabu alipiga kelele, alivuta kamba, alitisha watu. Zaina alikuwa mwigizaji kuliko sisi sote. Aliivuta ile kamba mpaka nikalalamikia tumbo, akanicheka: "We Kongo, tembea! Uko muzito sana!"

Nyumbani, nyanya yangu, tuliyemwita Mukaka, alitutazama tukifanya mazoezi uani. Tulipofika penye mtoto asiye na jina alisimamisha kila kitu kwa mkono wenye unga.

"Hapana jina? Mutoto gani hapana jina? Ni wa ngapi?"

Swali lake lilikuwa la haki. Kwetu Wanande hakuna mtoto anayeingia nyumbani bila jina. Msichana wa kwanza ni Masika na wa pili ni Kavira, na kila anayefuata jina lake linamngoja kabla mama hajashikwa na uchungu. Mimi ni Kavira. Padri aliponibatiza aliniongezea jina lingine, lakini la Kavira alinikuta nalo.

"Ule muzungu alifika, akauliza mutoto jina, ama hakuuliza?" Mukaka aliendelea. "Pengine hakuuliza. Donc alifikiri haiko."

Kesho yake nilipeleka neno hilo darasani kwa fahari. Nikamuuliza Metre: kabla ya misionari kufika, mtoto aliitwa nani, na mama yake alikuwa wapi? Metre alivua miwani. Hakuwa mtu mkali, na maswali yangu yalikuwa yamemchosha tangu mwanzo wa mwaka.

"Kavira, weye uko Kongo, ndiyo?"

"Ndiyo, Metre."

"Kongo hapana ongea mbele ya batême."

Kongo haisemi kabla ya kubatizwa! Darasa zima liliangua kicheko, nami pia nilicheka. Chuo kikuu nilisoma historia kwa miaka mingi kuliko pesa za baba zilivyotaka, nikasoma vitabu vizito kuhusu misheni na dola, na sijapata kukutana na sentensi iliyosema jambo lile kwa ufupi zaidi.

Shida ilianzia kwenye bomba la maji. Wavulana walianza kumwita Zaina "Mwarabu". Mwanzoni alijibu kwa mchezo, akiwakimbiza na kamba. Halafu wakaanza kuficha ndoo zao akija, wakisema atawauza. Siku moja alirudi nyumbani na ndoo tupu, na jioni hiyo baba yake alimuuliza kilichotokea.

Papa Zaina, kama tulivyomwita baba yake, alikuja shuleni na kofia yake mkononi. Dirisha lilikuwa wazi, tukasikia yote.

"Metre, mimi nalizaliwa hapa Beu. Papa yangu naye, hapa. Ile Mwarabu ya kuuza batu, mimi hapana mujua."

"Papa Zaina, haiko juu yenu. Ni histoire. Iko mu kitabu."

"Ndiyo, iko mu kitabu. Mais kanzu iko yangu."

Metre akaeleza kwa upole kwamba siku imekaribia, wakubwa wa komini wamealikwa, na mtoto mwingine hawezi kujifunza kwa haraka. Papa Zaina aliangalia ukuta wa darasa letu, ukuta mzuri uliopigwa lipu, kwenye shule ambapo walimu walikuja kila siku. Shule nyingine ya karibu ilikuwa na paa la maturubai. Akaivaa kofia yake.

"Iko bien," alisema. "Mumupake ile makaa kidogo-kidogo tu. Mama yake alisumbuka kuiosha ku uso."

Siku ya sikukuu ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mbele walikaa padri na wakubwa wa komini, nyuma yao mama zetu na watoto mgongoni. Papa Zaina alisimama karibu na mlango. Zaina aliniburuta jukwaani kwa ukali hata mama mmoja akasema, "Aa, huyu mutoto ni mubaya kweli!" na sote wawili tukajua tunafanya vizuri. Misionari, aliyekuwa mtoto wa fundi cherehani, akaingia na ndevu za pamba, akainua msalaba. Hapo Zaina alipaswa kukimbia.

Hakukimbia. Alisimama na kanzu ya baba yake iliyokunjwa na kushonwa pindo kwa ajili yake, akauangalia msalaba kwa makini, kama mtu anayetafuta kitu cha kuogopa akakikosa.

"Kimbia!" Metre alinong'ona kutoka nyuma ya pazia. "Zaina, kimbia!"

Zaina aligeuka kuelekea pazia. "Nikimbie wapi?" aliuliza kwa sauti yake ya kawaida, ile ya nyumbani. "Kwetu njo hapa, nyuma ya soko."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Ukumbi ulitikisika. Padri alijifuta machozi, mkubwa wa komini alipiga meza, na mtu mmoja nyuma alipaza sauti, "Mwarabu ya Beu!" Hawakuwa na ubaya. Nataka mlielewe hilo, kwa maana mimi mwenyewe nimetafuta ubaya katika kicheko kile miaka yote na sikuuona. Walicheka kwa sababu mtoto alikuwa amesema jambo la kweli mahali ambapo halikutarajiwa.

Metre akatuma wavulana wawili wa kwaya wamtoe. Walimbeba juu juu, akirusha miguu, na kwa kuwa kamba tulikuwa tumeifunga vizuri kuliko Metre alivyodhani, Kongo nayo ikavutwa nyuma yao. Nilipita jukwaa lote nikiserereka na gauni langu jeupe. Watu walizidi kucheka. Mlangoni walimweka chini ili wafungue fundo, na Zaina, machozi yakichimba njia katika makaa ya mashavuni, aliniinamia.

"Kavira, nawe uko na akili. Sema. Sasa nikimbie wapi?"

Fundo likafunguka. Wakanirudisha mbele, wakanimwagia maji kichwani, wakanipa jina ambalo nchi tayari inalo, na kwaya ikaimba. Nilipotazama mlangoni, Papa Zaina alikuwa ameshaondoka na mtoto wake, na kanzu yake.

Mwaka uliofuata Zaina alihamia shule ya maturubai. Tuliendelea kuwa majirani, tukakua, nikaja Butembo kusoma. Na kule Beni wauaji walianza kutoka msituni. Walisema wanapigania Uislamu. Waliwachinja wakulima katika mashamba ya kakao, Wakristo na Waislamu pia, lakini sisi tuliwalilia wetu tu. Wakimbizi kutoka upande wa Oicha walilala katika madarasa yetu, ukumbi uleule ukawekewa majeneza, na katika mahubiri tulikumbushwa kwamba taifa hili liliwekwa mikononi mwa Kristo tangu kuzaliwa kwake. Nilikaa kwenye benchi nikijiuliza ni nani basi aliyelitoa mikononi mwake, na lini. Nilimuuliza padri mmoja kijana. Akaniambia nipunguze kusoma.

Jina "Mwarabu" likarudi bombani, ila sasa hakukuwa na mtoto aliyecheza. Waliolitamka walikuwa vijana wenye mapanga waliolinda njia za mtaa, na miongoni mwao walikuwemo wale wawili wa kwaya. Lori la Papa Zaina lilichomwa moto na umati asubuhi moja baada ya mazishi. Kisha Zaina akatoweka. Mama yangu aliniambia kwa simu, kwa sauti ya chini, kile ambacho mtaa wote ulisema: ameenda msituni, amewafuata wenzake. Nilibisha. Nilibisha na mama, na dada yangu, na kila aliyenipigia. Baadaye nilichoka, maana mimi sikuwa na ushahidi wowote na wao walikuwa na majeneza.

Miaka ya nyuma nilifikiri kosa la Metre lilikuwa kusahau mambo: kusahau majina yetu ya zamani, kusahau kwamba hata Kiswahili tulichoimbia kwaya kilifika kwetu midomoni mwa watu waliovaa kanzu. Ningeweza kumwandikia masahihisho pembeni kwa kalamu nyekundu. Siku hizi naona kwamba teatre ile isingeweza kuchezwa bila mtu wa kukimbia. Ukimwondoa, hakuna hadithi. Panabaki mtoto na maji. Na kanisa lililotutungia hadithi hiyo ndilo pia lililonifundisha kusoma na lililowatibu ndugu zangu, ndilo hadi leo linalowazika watu wetu wakati serikali iko redioni. Sijui nifanye nini na mambo hayo mawili pamoja. Niliacha kusali, na kuacha huko hakukunipunguzia kitu. Teatre bado inachezwa kila mwaka. Mtoto wa dada yangu alikuwa Kongo juzi juzi, na Metre, amezeeka sasa, alishona kanzu kutoka kwenye pazia, kwa kuwa shuleni hakuna tena mtoto wa Kiislamu wa kuazimwa.

Mwaka jana nilimkuta Papa Zaina hapa Butembo, kwenye maegesho ya malori, akipanga mizigo katika magari ya wengine. Alinijua kabla sijamjua.

"Kavira! Mama Masika iko muzima?"

Nikasema mama ni mzima, anamsalimu, ingawa mama hakuwa amemtaja kwa miaka. Akafuta kreti kwa kiganja, akanikaribisha niketi. Nikamuuliza habari za Zaina. Alinijibu polepole, bila kuacha kukaza turubai.

Zaina hakuwahi kwenda msituni. Alikuwa ameanza biashara ya kakao, na alikuwa ndani ya gari la abiria la kwenda Oicha siku liliposimamishwa barabarani na wale wauaji wa msituni na kuchomwa. Waliokuwamo walizikwa katika kaburi moja. Baba yake alikwenda, akaitambua kandambili yake, akarudi Beu kabla uvumi haujaanza, akaketi mlangoni pake, ng'ambo ya njia kutoka kwetu, siku baada ya siku, akingoja jirani aje kuuliza. Hakuna aliyeuliza.