Kibuyu Kilichopanda Basi

Kuna Jumanne moja ambayo sijawahi kukusimulia, mwanangu Kiprono, na si kwamba nimeisahau. Naikumbuka mpaka rangi ya leso. Nimeinyamazia miaka yote hii kwa sababu mimi, kama unavyonijua, hupenda kusimulia zile siku nilizoshinda. Lakini Jumamosi mtoto wako aliniuliza swali tukiwa kwenye majani chai, na tangu hapo sina raha. Kwa hiyo kaa hapa, kunywa chai yako, na hiyo simu iweke mfukoni.

Tulikuwa tunachuma, Chelang'at mstari mmoja na mimi mstari wa pili. Unajua anavyochuma huyo, mikono inakwenda na mdomo nao unakwenda. Siku hiyo mdomo ulikuwa umefungwa. Nikadhani ni mtihani wa gredi ya tisa tu, maana wenzake wote wako kwenye marudio na wote wana sura za watu waliochoka. Tulipofika mwisho wa mstari akashusha kikapu, akaniuliza mimi nyanya yake bila kuniangalia, "Kogo, nikifeli, hiyo mursik mtapea nani?"

Mimi, niliyekuwa mkalimani wa korti mpaka nikastaafu, niliyesimama kati ya mahakimu na wazee wakali wa kila aina nikawatafsiria bila kugugumia, nilifungwa mdomo na msichana wa miaka kumi na minne! Nikamwambia tuharakishe, lori la majani litatuacha. Hilo lilikuwa jibu la mtu mwoga, na nimekuja kulirekebisha kwako.

Unajua ni maziwa ya kibuyu kipi aliyokuwa anayasema. Ni kile ambacho Mama Chelang'at amekitundika sebuleni juu ya televisheni. Amekisugua, amekivisha shanga, na kila mgeni anayeingia anaambiwa, "Hiyo ni ya Enjinia wetu." Simlaumu mke wako. Mkono wake wa mursik ni mzuri kuliko wangu, na nia yake ni njema. Sisi sote tumeona wakimbiaji wetu wakishuka kwenye ndege na kupewa maziwa ya kibuyu mbele ya kamera, na ni nani asiyependa mtoto wake apokewe hivyo? Lakini mtoto anakula chini ya kibuyu hicho kila siku, na anasoma chini yake. Na ile fomu ya sekondari pevu, ya kuchagua mkondo wa gredi ya kumi, nimeiona mezani. Umeijaza kwa kalamu yako mwenyewe, sayansi na teknolojia, na inarudi shuleni Ijumaa.

Sasa sikiliza. Nilipokuwa kidato cha nne, baba yangu alikuwa ameshaniamulia udaktari. Siku hizo nasi tulijaza karatasi kabla ya mtihani, kuchagua sayansi au sanaa za kidato cha tano. Baba alimwambia mwalimu ajaze sayansi, akatangaza kanisani, na kuanzia Jumapili hiyo sikuwa na jina lingine. "Daktari, kuja utoe ng'ombe kupe!" "Daktari, maji imechemka?" Na usidhani nilionewa. Nililipenda hilo jina. Nilitembea nalo sokoni Litein shingo juu. Ukweli ni kwamba fizikia ilikuwa imenishinda tangu kidato cha pili, na nilichokipenda ni lugha na historia. Lakini ningesema hivyo, jina lingeondoka. Nikanyamaza, tena nikijua ninachofanya.

Basi ikaja miezi ya marudio. Baba alinichongea meza, akaiweka barazani, akapiga marufuku mtu yeyote kunituma. Ndugu zangu walichuma sehemu yangu ya majani chai, na hawakuniacha nisahau. Mimi niliketi pale kama malkia na kitabu kikubwa cha fizikia, na ndani yake nimeficha kitabu cha historia. Mtu akipita, nageuza ukurasa wa fizikia na kukunja uso. Siku nyingine nilizichukua hesabu zilezile nilizozijua, nikazifanya upya kwa mwandiko mzuri, ili nionekane nimejaza daftari. Kila mtu aliniuliza, "Daktari, umesoma?" Nikasema nimesoma. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nimesoma nini.

Wiki ya matokeo mama alichoma matawi ya senetwet, akasugua kwa mkaa wake kibuyu kikubwa kuliko vyote nyumbani, akakijaza maziwa. Harufu ile ya moshi ndiyo harufu ya nyumbani kwangu mpaka leo, lakini wiki hiyo nilikuwa nikitoka nje kuikimbia. Nikaenda shuleni, upande wa Sotik, kuyasoma matokeo ubaoni. Kiswahili, vizuri sana. Historia, vizuri sana. Fizikia na kemia, mwanangu, afadhali tuyaache. Mwalimu wangu wa darasa alinishika bega, akaniambia taratibu kwamba sayansi haitawezekana.

Sikurudi nyumbani. Nilitembea mpaka Kaplong, kwa shangazi yangu, dada ya baba, aliyekuwa akifua mashuka katika hospitali ya misheni. Nilimdanganya kwamba matokeo yamechelewa na nimekuja kumsalimia. Kesho yake nikamwambia nataka anitafutie kazi ya kufua, sitaki tena mambo ya shule. Nilimwambia hayo nikitabasamu. Shangazi alinieleza baadaye kwamba lile tabasamu ndilo lililomtisha. Alikwenda stendi, akampa utingo wa basi la Litein ujumbe ampelekee kaka yake: mtoto yuko kwangu, na hayuko sawa.

Jumanne nikamngoja baba na hasira zake. Aliyeshuka kwenye basi alikuwa nyanya yangu, Taprandich, mama ya baba. Huyu ni mwanamke aliyeogopa magari waziwazi, aliyeweza kutembea nusu siku ili asipande moja. Alikuwa amekumbatia kitu ndani ya leso ya kijani kama mama aliyetoka kujifungua. Kilikuwa kibuyu cha mama. Utingo alikuwa ametaka kukiweka juu ya keria pamoja na kuku na magunia, nyanya akamwambia kama kibuyu kinakaa juu, na yeye atakaa juu. Wakamwacha.

Aliingia kwa shangazi, akaketi, akaomba kikombe. Hakuuliza habari ya matokeo. Akakitikisa kibuyu, akamimina, akanisukumia.

"Kunywa."

"Si yangu, Kogo. Nimeanguka."

"Nani amekuuliza kama umeanguka? Nimesema kunywa."

"Mama alisema ni ya daktari."

Hapo macho yake yalibadilika. Hakuwa mtu wa kupiga kelele nyanya yangu, alipokasirika sauti ilishuka.

"Mama yako alikuta mursik hapa duniani, na mimi niliikuta. Babu yako alipelekwa vita ya wazungu, akarudi mguu mmoja unaburuta, hana kitu mkononi. Nilimpa mursik hapo mlangoni. Sikumuuliza nani ameshinda. Hii maziwa ni ya mtu ametoka mbali na amerudi kwao. Wewe umetoka mbali, lakini kurudi umekataa. Sasa ona, mimi mzee nimepanda gari kwa sababu yako!"

Nilikunywa. Nililia mpaka mursik ikanipitia puani, na yeye akaniacha nilie, akawa anazungumza na shangazi habari za ng'ombe. Nilipotulia akanigeukia kama mtu aliyekumbuka jambo dogo tu.

"Na ile kitabu ulikuwa unaficha ndani ya ingine, ilikuwa ya nini?"

Nilishtuka. Nyanya yangu hakujua kusoma hata jina lake.

"Uliniona?"

"Kusoma sijui. Lakini kitabu ikinona ghafla, naona."

Nikamwambia ilikuwa historia. Akaniuliza kama inanifurahisha, nikasema sana. Akaniuliza kwa nini sikusema tangu mwanzo, na kwa mara ya kwanza nikatoa ukweli wote. Nilimwambia kwamba nilipenda kuitwa Daktari, na niliogopa kwamba jina likiondoka hapatabaki mtu. Akasema, "Jina yako tulikupa kabla hujajua hata kulia vizuri." Halafu akafunga kibuyu, akasema basi la kurudi linapita saa nane.

Sitakudanganya kwamba baba alifurahi. Aliniangalia, akatoka nje kwa ng'ombe wake, akakaa huko mpaka mama akaenda kumwita. Aliporudi aliomba karatasi niliyonakilia matokeo, akaniambia nimwonyeshe historia, akaweka kidole hapo, akaniuliza, "Hii ni namba ngapi?" Nikamsomea. Akaniambia nimsomee tena. Kesho yake alivaa koti lake la kanisani akaenda kumwona mwalimu mkuu, na baada ya majuma matatu nafasi ya sanaa ikapatikana katika shule ya mbali ambayo hakuna mtu kwetu aliyewahi kuisikia.

Na nisikilize vizuri hapa, kwa sababu wengi hudhani kwamba baada ya kuchagua kazi imekwisha. Kidato cha sita nilirudi likizo na marudio yaleyale, meza ileile. Safari hii baba hakupiga marufuku mtu kunituma. Nilichuma asubuhi kama wenzangu, nikasoma mchana. Alichofanya ni kuleta gunia lake la mahindi, akaketi kando yangu kupukuchua. Kiingereza hakujua. Kila nikimaliza ukurasa aliniambia, "Niambie kwa Kipsigis huyo mzungu amesema nini." Nikimweleza akaelewa, alitikisa kichwa tukaendelea. Asipoelewa, ilikuwa mimi ndiye sijaelewa, narudi nyuma. Siku moja tulikwama kwenye ukurasa mmoja mpaka gunia likaisha, na baba akaleta lingine bila kulalamika. Hakuwahi tena kuniuliza kama nimesoma. Na kazi yangu ya korti, iliyokulea na kukusomesha wewe, niliianzia hapo, kando ya yale mahindi.

Ndiyo sababu nimekuja. Mwanangu, mimi sijui Chelang'at anataka nini. Wewe pia hujui, na usinikunjie uso, maana hujamuuliza. Mwombe mwalimu fomu nyingine. Mkae nayo wewe, mama yake na yeye, uweke kalamu upande wake wa meza. Muulize, halafu unyamaze. Kunyamaza kutakushinda, nakujua, umerithi mdomo wangu. Kortini nilimjua hakimu mzuri kwa hilo tu, akiuliza alingoja, hata shahidi akikaa akitazama viatu vyake. Pengine atasema anautaka uhandisi huohuo. Basi na awe mhandisi, nitamshangilia kuliko wote, lakini kalamu itakuwa imeshikwa naye. Na akisema jambo usilolitarajia, usitoke nje kwa ng'ombe. Kama lazima utoke, rudi haraka.

Kwenye marudio mwache anitumikie kidogo, achume kidogo, acheke kidogo. Kaa karibu naye na kazi yako ya mikono, umwambie akufundishe. Najua gredi ya tisa ina mambo ambayo wewe hukusoma. Ndivyo inavyofaa.

Na kibuyu, usikishushe ukutani. Ukikishusha atasema tumekata tamaa. Mwambie mke wako akijaze, lakini si kwa ajili ya matokeo. Siku Chelang'at atakapoandika karatasi ya mwisho, akifika hapo mlangoni na wino vidoleni, kabla mtu yeyote hajajua amepata nini, apewe. Na leo hii, umjibu swali alilonishinda nalo mimi. Akifeli, mursik ni yake. Akipita, mursik ni yake. Aisikie kwa kinywa cha baba yake, maana kwa kinywa changu atasema ni nyanya tu ananihurumia.

Mungu akupe sikio refu, mwanangu, na subira ya baba yangu na lile gunia lake la pili. Awape watoto wa nyumba hii njia nyingi za kwenda, na nyumba hii isikose maziwa siku wanayorudi, wakiwa na kitu mkononi au mikono mitupu.

Chai yako imepoa, iache. Chelang'at yuko barazani na kitabu chake cha hisabati, na nilipopita hapo sasa hivi, nimeona kimenona kidogo.