Kundi la Wazima

Zamani Stefania Danylchuk alikuwa mwepesi wa kucheka. Waulize watu wa Zorya, mji wetu mdogo wa Saskatchewan wenye ghala moja la ngano, kanisa lenye kuba ya kijani, na uwanja wa barafu ambao kwa ukubwa unayashinda yote mawili. Watakwambia Stefa aliongoza kwaya tangu usichana wake, na kwamba nyimbo za Krismasi za Kiukraine alikuwa nazo kichwani beti kwa beti, hajui kitabu ni cha nini. Watakwambia alivyosimama jikoni pale uwanjani akikunja pirohi, vile vifuko vya unga vilivyojazwa viazi, huku akiwatania wachezaji wanaofungwa mabao. Ukimtazama leo utadhani wanamsema mtu mwingine.

Mumewe, Orest, ndiye aliyekuwa beki wa timu ya hoki ya barafuni. Aligongwa kichwa mara ambazo hakuna aliyezihesabu, maana enzi zile mtu akizimia alinusishwa chumvi kali, akapigwa mgongoni, akarudishwa mchezoni. Uzeeni alipewa kazi ya kuendesha gari la kusafisha barafu, na shuleni watoto wakawa wanamwita Dido, kama wanavyowaita babu zao.

Basi chuo kikuu cha mjini kikampenda Orest. Watafiti wana njaa ya watu kama kuku walivyo na njaa ya mtama, na mtu wa kujitolea hawamwachi. Wa elimu walimtaka asome hadithi kwa watoto wa darasa la kwanza huku kinasa sauti kikiwashwa, wajue babu humfundishaje mtoto kusoma. Wa michezo walimpandisha juu ya bamba la chuma, wakamwambia afumbe macho, wapime anavyoyumba, kwa kuwa walikuwa wakiwachunguza wachezaji wa zamani waliogongwa vichwa. Wa sayansi ya ubongo nao walitafuta wazee ambao vichwa vyao havijawahi kuguswa, wawe kipimo cha kuwalinganishia wagonjwa. Walipomuuliza kama amewahi kuzimia, Orest alijibu, "Kulala nimelala. Kuzimia, hapana." Wakacheka, wakamwingiza kundi la wazima. Kwa hiyo jengo moja lilimjua kama mtu aliyepondwa, jengo la pili lilimjua kama mtu ambaye hajawahi hata kujikwaa, na majengo yenyewe yanatazamana, katikati kuna maegesho tu.

Orest alilivaa neno hilo, mzima, kama nishani. Kila asubuhi kwenye kahawa alilirudia.

"Mimi nimepimwa," alisema. "Nyie mnadhani mna akili. Mimi yangu imethibitishwa."

"Wewe? Wewe ulizaliwa umeshagongwa," alijibu Metro, mchezaji mwenzake.

Mwaka uliofuata Metro alipelekwa kwenye nyumba ya wazee, hamjui mkewe. Baada ya hapo Orest hakuwa akitania tena. Alimwita Stefa jikoni akamwambia, "Nisaidie nisianguke kwenye kipimo."

Kipimo chenyewe kilikuwa hivi. Janelle Thiessen, binti wa kule maabara ya ubongo, alisoma maneno kwa mpangilio: daraja, kitunguu, fidla, koti, nyundo, na kuendelea. Halafu alimshughulisha mzee kwa michoro na hesabu, kisha akamtaka ayarudie yale maneno. Walikuwa na orodha chache tu, zinazunguka, na Stefa aliruhusiwa kukaa kwenye kona. Mwanamke aliyeshika kwaya nzima kichwani, unadhani maneno hayo yangempotea? Alikwenda nayo nyumbani. Kila jioni akikanda unga aliyataja, Orest akajibu, mpaka mzee akawa anayamwaga kama sala. Stefa alifanya hivyo kwa mapenzi, na mimi simlaumu, ingawa yeye anajilaumu mpaka kesho.

Alama za Orest zikapanda. Huku nyumbani yeye anashuka. Aliacha gesi ikivuja, akavaa viatu vya Stefa kwenda kanisani, akasahau kwamba ndugu yake amekufa, na alipoambiwa akalia upya kama siku ya msiba. Shuleni alisoma ukurasa uleule mara ya pili na ya tatu, watoto wakidhani anawachezea. Kisha Jumamosi moja aliingiza gari la kusafisha barafu uwanjani huku watoto wakiwa bado wanateleza. Stefa aliruka kutoka jikoni na unga mikononi, akaanguka kwenye barafu, akasimama mbele ya lile gari mpaka likazimika. Orest akamtazama kutoka juu.

"Toka njiani, bibi," alisema kwa upole. "Utaumia."

Daktari wa mji, anayekuja kwetu siku chache kwa wiki, hakusaidia. Orest aliingia akitabasamu, akaeleza jinsi chuo kikuu kinavyompima kila msimu na kumkuta mzima kuliko wenzake. Daktari akampigia Janelle simu kwa ruhusa ya mzee, akathibitishiwa. Akamgeukia Stefa na kumwuliza kama yeye mwenyewe anapata usingizi wa kutosha.

Hapo maji yakamfika shingoni. Binti yao yuko Calgary, husikia sauti ya baba yake Jumapili kwa simu, na kwa simu Orest hana kasoro. Stefa akapanda basi kwenda mjini, akapita jengo kwa jengo. Mtu wa elimu alimwambia kwa heshima kwamba sauti zile zinachunguza usomaji wa watoto, msomaji si mada. Kijana wa michezo alikiri kwamba Orest anayumba, tena vibaya, lakini akasema hao wake wote wanayumba, ndiyo sababu waliitwa. Akafika kwa Janelle akiwa hana nguvu.

"Muulize huyo kijana wa hapo ng'ambo," alimwambia. "Waulize wa elimu. Kila mmoja ana kipande. Viungeni."

"Siwezi, Bi. Stefa. Kule ana namba nyingine. Hata nikitaka, siioni."

"Ni mtu yuleyule. Namfulia nguo."

"Najua. Lakini tulimwahidi siri. Yeye mwenyewe akitaka, ruhusa ni yake."

"Yeye hataki."

Janelle alimshika bega. "Angeanguka kwenye kipimo changu, ningempeleka kwa daktari bingwa wa kumbukumbu wiki hiyohiyo. Ndivyo utaratibu ulivyo. Lakini anapanda, mama. Natamani wote wangekuwa kama yeye."

Stefa alifungua kinywa akiri, akakifunga. Angekiri, wangefuta alama za Orest na kumtoa, basi, hakuna ambaye angempima tena. Naye Orest asingekubali kuongozwa popote na mke aliyemwaibisha. Ndani ya basi, Stefa alilia mpaka dereva akamwuliza kama ashushwe hospitali.

Siri ya ugonjwa haikai. Mficha maradhi kilio humuumbua. Ila hapa kilio kingeweza kuwa cha mtoto wa mtu mwingine, chini ya gari la barafu. Usiku huo Stefa aliamua kumwangusha mumewe.

Kipimo kijacho kilikuwa cha orodha ya daraja na kitunguu. Jioni iliyofuata, akikanda unga, alitaja maneno mapya: ndoo, sharubu, kinu, bata, mshumaa. Alitumaini, tena alimwomba Mungu, kwamba Orest atamkatiza na kusema, hayo siyo, umechanganya. Hapo angejua kwamba bado kuna mtu ndani ya kichwa kile.

Orest alimtazama kitambo. Kisha akasema, "Ndoo, sharubu, kinu."

Wakaendelea hivyo majira yote ya baridi. Kila jioni Stefa alisubiri akatizwe, kila jioni hakukatizwa, naye alienda kulala akiwa amemzika mumewe kidogo zaidi.

Siku ya kipimo Stefa ndiye aliyeendesha gari. Funguo alishazificha zamani. Akakaa kwenye kona yake. Janelle akasoma: daraja, kitunguu, fidla, koti, nyundo. Orest akachora saa, akahesabu kurudi nyuma, akakosea, akacheka. Ndipo Janelle akasema, "Haya, Bwana Orest. Yale maneno yetu."

Orest aligeuka akamtazama Stefa pale kwenye kona, akamtazama sana, hadi Stefa akainamisha kichwa.

"Ndoo," alisema. "Sharubu. Kinu. Bata. Mshumaa."

Aliyataja yote bila kusita. Janelle alishusha kalamu. Alimpa nafasi nyingine, na ya tatu, akayapata yaleyale. Alipozungumza sauti yake ilikuwa imebadilika. Alieleza kwamba angependa Bwana Orest amwone bingwa, upesi, ila lazima mwenyewe akubali.

"Sina haja," alisema Orest, akichukua kofia yake. "Leo nimechoka tu."

Hapo Stefa akajua kwamba amemvua mumewe nguo mbele ya watu na hakupata kitu. Nishani imekwenda, bingwa hayupo, na msaliti ni yeye. Walitembea hadi kwenye gari wakipita kati ya yale majengo mawili. Aliendesha haoni vizuri. Pande zote theluji ilikuwa imelala juu ya mashamba, barabara imenyooka, na alitamani iwe na kona mahali fulani, apate sababu ya kushika usukani kwa nguvu.

"Stefa," alisema Orest, "mbona unalia?"

"Silii."

"Sikiliza. Sikutaka kukwambia. Yale maneno uliyonifundisha siyo."

Gari liliyumba. Akapunguza mwendo.

"Ni daraja na kitunguu," alisema. "Nilijua tangu jioni ya kwanza. Ukaniambia ndoo. Nikasema labda amechoka, kesho atayakumbuka. Kesho ndoo. Baridi nzima ndoo, bibi." Akavuta pumzi. "Wewe, uliyekuwa na kwaya nzima kichwani."

"Orest, kwa nini hukunikatiza?"

"Nikukatize nikwambie nini? Kwamba umeanza kupotea? Metro walimwambia, ukaona alivyokuwa. Na leo, ningesema daraja mbele ya yule binti, ungesikia mwenyewe kwamba umekosea. Nikaona afadhali waniandike mimi."

Stefa alisimamisha gari kando ya barabara. Alitaka kumwambia kila kitu. Alitaka kupiga magoti kwenye theluji. Kumbe Orest alikuwepo, baridi nzima alikuwepo, akimlinda, wakati yeye anamchimbia shimo. Pengine mumewe alikuwa mzima kweli. Pengine yeye ndiye kichaa.

"Twende," alisema Orest. "Pale mbele pinda kulia. Mama atakuwa ameshapakua."

Kulia ndiko lilikokuwa shamba la wazazi wa Orest. Liliuzwa kabla binti yao hajazaliwa, na mama yake analala nyuma ya kanisa la kuba ya kijani.

Stefa alikaa na mikono kwenye usukani. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza, wala wa sayansi, wala wa elimu, wala wa michezo. Orest akauchukua mkono wake mmoja, akauweka mapajani pake na kuupapasa.

"Yule bingwa," alisema, "mimi simhitaji. Lakini wewe nitakupeleka. Nitakaa nawe ndani. Akitaka kunipima na mimi, anipime, usijione peke yako. Utakubali?"

Stefa, ambaye hakuwahi kusahau neno hata moja maishani mwake, akafuta uso kwa kilemba.

"Nitakubali, mzee," alisema. "Nipeleke. Naogopa."

"Usiogope," alisema Orest. "Bahati nzuri mmoja wetu bado mzima."