Kofia ya Studio na Kichwa cha Papa

Mama alitaka jambo moja tu: kuuona tena uso wa papa, baba yetu. Papa alikufa zamani, mimi nikiwa bado shule ya msingi. Mwaka huu tulipopanga kumwombea misa, mama alisema hatakaa kanisani mbele ya mshumaa mtupu kama mtu aliyekuja kuombea umeme. Anataka picha ya mume wake. Na si picha ile.

Picha ile ndiyo pekee tuliyokuwa nayo. Nyingine zote zilikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda siku volkano iliposhuka mjini, na sisi tulikimbia na godoro na sufuria. Mimi nilibeba pasi ya makaa, mpaka leo sijui ya nini. Picha moja iliokoka kwa sababu shangazi alikuwa nayo kwake Rutshuru. Ndani yake kuna koti, kravati, na kofia kubwa nyeusi yenye ukingo mpana, imeshuka karibu na pua. Chini ya kofia kuna kivuli, chini ya kivuli kuna masharubu, basi. Mama ameishi miaka yote hiyo na masharubu ukutani.

Kaka yangu mkubwa, yeye, aliipenda. Kwake papa alikuwa mtu wa kofia, mtu wa heshima, hakuna mwingine wa namna ile mtaa mzima. Yeye mwenyewe ana kofia tano. Huzivaa mazishini, huzivaa mezani, na akisinzia kwenye kochi husinzia na moja kichwani. Ukimwuliza anakujibu kwamba ni ya ukoo.

Kwanza tulikwenda kwa fundi wa picha mjini, mwenye mashine yake na maneno mengi.

"Kofia naweza kuitosha, niiondoe kabisa," alisema. "Lakini chini yake niweke nini? Munipe kichwa."

Watu wote husema kaka amefanana na papa, kwa hiyo akakalishwa kwenye kiti. Kumvua kofia kulichukua muda mrefu kuliko kumpiga picha. Baada ya siku mbili fundi alituletea kazi yake: masharubu ya papa chini ya upara wa kaka, na juu ya upara nywele nyeusi tii.

"Nywele nimemuongezea bure," alisema, na alikuwa anajisifu kweli.

Mama akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali.

"Huyu mutu ni nani?"

"Ni papa," kaka akasema.

"Aka! Baba yenu alikuwa na alama hapa." Akagusa paji la uso, juu ya jicho la kushoto. "Munataka kuniozesha na mwanaume mwingine, mimi na uzee huu?"

Tulicheka. Yeye hakucheka. Alikaa kitako na kusema polepole kwamba ameanza kumsahau. "Nikifunga macho, naona kofia tu." Nilisikia aibu, na mimi nikisikia aibu hukasirika. Nilimkasirikia kaka, nikamkasirikia fundi, nikaikasirikia na kofia yenyewe. Nikaapa kwamba nitawazungukia majirani wetu wote wa zamani, mpaka nipate papa asiye na kitu kichwani.

Basi ikawa ndiyo kazi ya siku zangu za Mungu, Jumapili zote. Kila nyumba walinipa chai, wakafungua albamu, na mimi nikafungua mdomo. Kofia ilikuwa ileile! Ilikuwa juu ya mwashi mmoja, juu ya katekista, juu ya mwanamke aliyekuwa akiuza samaki wa Vitshumbi, naye amekunja uso kama anadaiwa. Ilikuwa hata juu ya mtoto mchanga, wamemfunika nayo kama chungu cha maharage. Na kravati ni ileile, na doa lake palepale chini ya fundo.

Nilimpelekea kaka habari hiyo mbio. Alifikiri kidogo.

"Papa alikuwa na roho nzuri," akasema. "Aliwaazima wote."

"Kichwa chako!" nilimwambia, ingawa ni mkubwa wangu.

Ilibaki nyumba moja, ya mjane ambaye marehemu mumewe alikuwa akivunja mawe pamoja na papa. Siku hizi anakaa kwa njia ya Sake, upande wa Lac Vert. Mama alikataa kubaki nyumbani. Alivaa kitenge chake kizuri, akapanda pikipiki kwa ubavu, na njia nzima alikuwa akimpigia dereva kelele kwamba anaendesha kama ameiba. Kaka alitufuata kwa pikipiki nyingine, ameishika kofia yake kwa mikono miwili.

Mjane alipoisikia habari ya kofia alicheka mpaka akashika mbavu.

"Ile? Ile ilikuwa ya studio! Kofia moja, koti moja, kravati moja, vinatundikwa kwenye musumari. Siku ya Mungu watu wanapanga mustari. Unavaa, unapigwa picha, unavua, mwingine anavaa. Ukikawia wanakulalamikia."

Mjane akaingia chumbani, akarudi na picha ya mumewe. Mume alikuwa amekaa kitini na koti lile, kravati ile, kofia ile, shingo imekakamaa. Lakini pazia la studio halikuvutwa vizuri, na pembeni mtu mwingine alikuwa amesimama akingoja zamu yake. Shati lake amelifunga vifungo mpaka kooni. Chini ni kaptula, na chini ya kaptula ni miguu mitupu yenye vumbi la mawe. Anacheka, na mkono wake umekwisha kunyooshwa kuelekea kofia. Kichwani hana kitu.

Mama akaichukua, akaipeleka karibu mpaka ikagusa pua yake.

"Kaptula hii nilishona mimi," alisema. "Mungu wangu. Ona kiraka. Nilikosa kitambaa, nikakata kitenge changu." Kisha kidole chake kikapanda mpaka kwenye paji la uso, kikasimama juu ya jicho la kushoto. Akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, hata mjane akakimbilia maji. Na mimi nililia. Sina haya ya kusema.

"Hana viatu?" kaka akauliza.

"Nani alikuwa na viatu?" mjane akamjibu. "Picha ilikuwa inaishia hapa," akajigonga kifuani.

Kaka akakohoa. Akasema si kitu, yule fundi anaweza kumvalisha suruali.

"Ukigusa ile kaptula," mama akasema, "siku ya kunizika usikuje."

Tuliipiga picha ile kwa simu, fundi akakata upande wa papa akaukuza, nikamsimamia mpaka akamaliza ili asiongeze kitu bure. Papa akatoka jinsi alivyo, magoti na yote. Asubuhi ya misa nilimkuta mama amekaa mbele ya fremu, amekwisha kuvaa. Alikuwa akimtazama yule kijana, maana ni kijana kabisa, mdogo kuliko mzaliwa wa kwanza wa kaka.

"Miye nimemujua palepale," alisema. Akajishika shavu, akarudisha unywele mmoja mweupe chini ya kitambaa. "Na yeye? Vile nimezeeka hivi, atanijua?"

Nilipiga magoti nikamfunga kitambaa upya.