Tembo Wangu na Mishale ya Mke Wangu

Shule niliishia darasa la nne, lakini vita navijua. Hapa Tunduma nilianza na mkokoteni wa kukodi, leo nina duka la spea za malori na nyumba yenye geti, na hakuna aliyenishika mkono. Kwa hiyo dereva mmoja wa semi kutoka ng'ambo, aliyekwama siku tano kwenye foleni ya mpaka, aliponionyesha gemu la vita vya kale kwenye kompyuta yake, sikumaliza hata wiki kabla ya kumchapa. Nikanunua kompyuta yangu, nikaiweka dukani. Kiingereza chake sikisomi. Nilijifunza kwa kuua na kuuawa.

Warumi ni watu wa ngao na subira. Wanarusha mikuki kwanza, ndipo wanachomoa panga. Wagiriki husimama bega kwa bega na mikuki mirefu. Mbele yao hapapitiki, ila ukiwaingilia ubavuni wanakuwa kama semi iliyoingia kichochoroni, kugeuka hawawezi. Wapanda farasi wa nyikani, wale wenye pinde, niliwadharau. Wanapiga, wanakimbia. Vita gani hiyo? Mimi nilichukua jeshi la Karthago, kwa sababu lina tembo.

Mke wangu alikuwa akinitazama huku akichambua maharage. Sikujua kwamba nikitoka kwenda yadi ya malori kutafuta wateja, yeye anabaki dukani na kompyuta ile.

Msimu huo nilikuwa nimeamua kuuza shamba la kahawa la Ihanda, aliloniachia marehemu baba, ili nipate semi yangu mwenyewe. Mke wangu alikataa kutia sahihi. Kila msimu ni yeye anayekwenda kuchuma, miaka ishirini sasa, na mibuni ile anaijua mmoja mmoja. Tulizozana mwezi mzima. Mnunuzi alikuwa aje Jumatatu. Jumapili tulipotoka kanisani, yule dereva alikuwa amekwama tena, tukala naye. Mke wangu akanawa mikono, akasema:

"Baba watoto, si unajiita jemadari? Tucheze. Nikikushinda, shamba haliuzwi."

Nilicheka hadi ugali ukanipalia. "Na nikikushinda?"

"Natia sahihi, wala sinuni."

"Mudala, usikubali," dereva akasema. Kwao mzee wanamwita hivyo. "Mama huyu alinipiga juzi ulipokuwa yadi."

"Wewe nani hakupigi?"

Tukaenda dukani, dereva akaiunganisha kompyuta yake na yangu kwa waya, tukakaa mezani mimi na mke wangu tukitazamana. Nilipanga tembo mbele, wenye mikuki mirefu nyuma yao, farasi wachache pembeni. Jeshi zuri, hata leo nalisifia. Yeye akachukua wale wa pinde. Moyoni nikawa tayari nimeshaendesha semi yangu hadi Ndola.

Walikuja, wakapiga mishale, wakageuza. Nikawafukuza. Kosa langu ni la mtu wa malori, nikiona barabara nyeupe nakanyaga mafuta.

"Kimbia, mama! Kimbia ufike Mkwajuni!"

"Nakimbia, baba. Njoo."

Kila nilipofukuza, kikosi kimoja kilitangulia, kingine kikachelewa. Yeye alikiendea kilichobaki peke yake, akakimaliza, akaondoka. Waliosimama pamoja hakuwagusa kabisa. Farasi wangu wote wakaisha hivyo.

"Unafanya nini wewe?" nikauliza.

"Nachuma," akajibu, macho kwenye kioo. "Nachukua mbivu tu. Mbichi naziacha mtini, nitazirudia."

Dereva alijipiga paja. "Mudala, umeiva!"

Nimeoa mchumaji wa kahawa na sikuwahi kumwogopa kwa hilo. Mtu anayeuzunguka mti mmoja mara nne, tano kwa msimu, mkono wake hauparuzi tawi, yeye utamkimbizaje achoke?

Waliobaki ni tembo na mikuki. Akawasha mishale moto. Tembo wakapagawa, wakageuka, wakapita katikati ya watu wangu wenyewe, na wale wa mikuki mirefu kukwepa hawajui. Wapiga upinde wake wakasimama mbali wanatazama. Alikuwa hajapoteza hata robo ya jeshi.

Nilikaa nikimwangalia mwanamke huyu. Hakushangilia. Alisema tu, "Mpigie mnunuzi asihangaike na nauli."

Nikapiga mbele yao wote wawili. Mnunuzi akataka kujua kama nimepata bei nzuri zaidi. Nikamwambia hapana, shamba lina mwenyewe na amekataa.

Semi bado sina, nitaipata kwa njia nyingine, mimi huwa sishindwi. Ila madereva wakija dukani kujigamba na gemu hilo, sichezi nao tena. Nawasogezea kiti, namwita mke wangu, halafu nasimama nyuma yake nikiwahesabia wafu wao.