Bao la Mwamba wa Kinyinya

Mteja aliyekuja kuchukua suruali yake alinidokezea kwamba kule Kinyinya kuna mwamba uliochongwa mashimo ya bao tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka, na kwamba kesho yake utapasuliwa upatikane mawe ya msingi. Niliacha kanzu ya mtu chini ya sindano ya cherehani. Mimi, fundi nguo wa Biryogo na mcheza bao sugu, ningekaaje?

Ilikuwa asubuhi, mwaka 1991, wakati wa vita. Nilibeba pande kubwa la kitambaa cheupe cha amerikani na mkaa, maana kazi yangu ni kuchukua vipimo, na niliona hata jiwe linapimika. Kwenye kizuizi cha Kinamba askari alipekua mfuko, akauliza namshonea nani huko. Nikamwambia nakwenda kushonea jiwe. Akacheka, akanirudishia kitambulisho.

Baada ya Kacyiru njia ikawa vumbi jekundu na mashamba ya mtama. Nilikaribia kukimbia.

Kinyinya nilimkuta mwenye kiwanja, Mzee Evariste, amekwisha kunyoosha kamba ya msingi juu ya mwamba wenyewe, nyundo ziko tayari. Akaniruhusu kuufagia. Mashimo yakatokea, safu nne, manane manane, kingo zake laini kwa vidole vya watu wa kale. Jamani, furaha iliyoje! Nikatandaza kitambaa, nikasugua mkaa, na kila shimo likabaki jeupe katikati ya weusi.

Evariste akataka kujua ya nini taabu yote hiyo. Nikamwambia, wajukuu wetu waone. Basi akapendekeza tucheze mchezo mmoja wa kuliaga jiwe. Mkewe akatuletea maharage yawe kete. Nikamfunga, na mkewe akacheka waziwazi.

"Dimanshi unarudi, fundi," Evariste akasema, yaani Jumapili. "Mimi siwezi kufungwa kwangu halafu iishe hivi."

"Na mwamba, mzee? Si kesho mnaupasua?"

Akayakusanya maharage. Kisha akainuka, akang'oa kigingi cha kamba, akakichomeka mbali na mwamba.

"Salo ya kukaribishia wageni itakuwa kidogo," akamwambia mkewe. "Haina shida."

Jioni nilirudi Biryogo na kitambaa begani. Nimekitundika dukani, na watu wanakisifu. Lakini kitambaa hakikuokoa kitu. Kilichouokoa mwamba ni mtu mmoja kukasirika kwa kufungwa.

Jumapili alinifunga mara mbili mfululizo. Ikabidi nirudi tena.