Korongo Kwenye Vinyungu Vyangu

Mke wangu husema nyumba yetu ya Kitandililo iliwahi kuwa na wake wawili: yeye, na korongo taji niliyemwokota bondeni akiwa amevunjika mguu. "Na yule mwenzangu," huongeza, "hakuwahi kuosha hata sufuria."

Mguu niliufunga mwenyewe kwa vipande vya mwanzi wa ulanzi, ule tunaougema pombe. Afisa wanyamapori alipofika kwa pikipiki aliukagua, akacheka.

"Kamwene, baba. Umefunga vizuri. Ila usije ukamnywesha na ulanzi wenyewe."

Kisha akaacha utani. Alisema ndege hawa huishi wawili wawili kwa miaka mingi. Nisimzoeze watu, nisimwongeleshe, na mguu ukiunga tu nimrudishe bondeni, kwa sababu mwenzake hatasubiri milele.

Kweli mwenzake alikuwepo. Kila asubuhi, ukungu ulipoanza kuinuka, alilia kutoka bondeni, na wetu aliinua shingo akamjibu.

Mguu uliunga. Sikumrudisha. Nilisema kuna baridi, nikamlaza jikoni karibu na moto, ndege ambaye ukoo wake wote hulala juu ya miti hata Juni. Nilisema bado anachechemea. Ukweli ni kwamba nilipenda alivyonifuata mpaka dukani, na watu walivyokuja kutoka Makambako mjini kumwona akicheza nikimpigia makofi.

"Baba, anachechemea mguu upi?" mke wangu aliniuliza siku moja.

"Wa kushoto."

"Uliovunjika ni wa kulia."

Asubuhi moja bonde lilikuwa kimya. Kesho yake pia, na keshokutwa. Hapo ndipo nilipombeba nikashuka naye. Nilipomweka chini alisimama katikati ya kabichi zangu, akinitazama. Palikuwa pakavu. Miaka ya nyuma nilichimba mtaro kwa mikono yangu, nikaondoa maji na matete ili nipate vinyungu, bustani zetu za kiangazi. Nilianza kwa kumbomolea nyumba, kisha nikamchelewesha kurudi.

Nilichukua jembe, nikaanza kuziba mtaro.

"Kabichi zitaoza," mke wangu alisema kutoka ukingoni.

"Najua."

"Basi ngoja nilete jembe langu. Kwa mwendo huo wako hata korongo atazeeka."

Siku za kwanza ndege alinifuata nyumbani kila jioni, nami kila jioni nilimrudisha bila kumsemesha. Maji yalipofika kwenye magoti yake, aliacha kunifuata.

Mvua zilipoanza alikuja korongo wa pili. Mimi nasema ni yule yule, amerudi.

"Huyo ni mume mpya," mke wangu hunijibu. "Yule wa kwanza ulimchosha."

Yawezekana. Siku hizi nikienda kuwaona naishia ukingoni, na mikono ikitaka kupiga makofi naitia mfukoni.